Semeni

Mama ndiye aliyempa jina, tena kwa hasira.
Bi Mwanakheri alikuwa amenena mtaani
kwamba bati zetu mpya zinanuka fedha za ushirika,
na mama, asiyejua kugombana kwa mdomo,
alimnyanyua mtoto wa mbwa kwa ngozi ya shingo,
akasimama kwenye ua wa makuti,
akaita mpaka Pongwe yote ikasikia:
Semeni! Semeni! Njoo ule!

Mbwa akaja, akala.
Hakujua kuwa ni fumbo.
Alidhani ni yeye.

Miaka kumi na minne.
Jina likiitwa asubuhi na jioni huchakaa
kama kanga iliyogeuzwa tambara la deki:
maneno yapo, ila nani anayasoma?
Siku moja mama aliita, nikaona
hakugeuza hata uso kuelekea kwa jirani.
Alikuwa anamwita mbwa tu.

Kila alfajiri aliifuata mbio baiskeli ya baba
hadi kwenye reli. Hapo alikaa kitako.
Kwa nini hakuvuka, hatukujua.
Baba alikwenda zamu, yeye akarudi
mweupe kwa vumbi la saruji, pua hadi masikio,
nasi tukacheka: babu amekuja!
Tulimmwagia ndoo, akawa kijana tena, mwekundu.

Mwaka jana nilimmwagia ndoo.
Weupe haukutoka.

Nikisema alikuwa mwema nitadanganya.
Aliiba paja la mbuzi siku ya kipaimara cha Ezekia,
mbele ya kasisi. Alimla jogoo wa Mzee Semkiwa, tukalipa.
Aliogopa radi, aliogopa puto,
aliogopa mwavuli ukifunguliwa,
na usiku mwizi alipokuja kweli
alikuwa uvunguni mwangu, pua ndani ya kandambili.
Lakini nilipofeli darasa la saba
na nyumba nzima ikakosa la kuniambia,
alikuja akaniegemea. Uzito wote.
Sijawahi kuegemewa vile na mtu.

Bi Mwanakheri hakumgusa hata siku moja.
"Kaa huko huko, nina udhu wangu,"
huku akikusanya buibui lake magotini.
Kisha, baada ya alasiri, mkono ulipenya kwenye makuti,
ukaweka jani la mgomba na mifupa ya changu.
Mkono ukarudi. Hakuna aliyeona.
Sote tuliona.

Juma lililopita miguu ya nyuma iligoma.
Bwana mifugo alimbonyeza kiuno, akatazama saa,
akasema kwa upole, "Huyu ameshalipa kodi zote."
Sindano ikawekwa kesho yake, saa nne.

Baba hakulala. Baba, ambaye neno lake kwa mbwa
lilikuwa moja tu, "Pisha,"
alifunga tenga nyuma ya baiskeli,
akatandika koti lake la zamu,
akamweka humo kama mtungi wenye ufa.
Hakupanda. Alikokota, mimi nikashika tenga.
Tulipofika relini Semeni aliinua kichwa,
akataka kushuka; hapa ndipo ulipokuwa mwisho wake.
"Tulia," baba akasema. "Leo tunavuka."
Tairi likagonga chuma, mara moja, mara ya pili.

Ng'ambo palikuwa na majani tu, na mbuzi wa watu.
Alinusa kwa muda mrefu.
Nadhani alitarajia zaidi.

Tulimzika nyuma ya choo, kwenye mpapai usiozaa,
pamoja na koti. Baba alisema lilikuwa limechoka.
Halikuwa limechoka.

Jioni mkono ukapenya kwenye makuti, na jani lake.
"Semeni," sauti ikaita, imezeeka nayo,
"Semeni, we! Mvivu we!"

Mama aliacha mchele kwenye ungo,
akaenda akasimama upande wetu wa ua,
akaushika ule mkono.
Hakusema neno. Mkono haukurudi.

Changu aliliwa na kunguru.