Viraka Thelujini

Januari, milima ya Pennsylvania.
Jiwe limekufa kwenye risasi ya saba.
Jana lilifika kumi na tano, Ansel, usinibishie.

Gumegume lako lapiga chini mno, lajivunja pua.
Nimeligeuza tumbo juu, nikalikaza kwa ngozi mpya;
cheche zikamwagika kisahanini kama mtama.

Lakini shabaha bado yapotea.
Basi nikahesabu hatua mbele ya mtutu,
nikaokota viraka thelujini, kimoja kimoja:
vimechanika msalaba, kingo zimeungua.
Kitambaa chepesi. Shati lako la Jumapili.

Nimechana godoro letu, lile la mistari,
nikapaka shahamu ya dubu.
Mdeki ulishuka ukinung'unika.

Kiraka cha leo ni kizima,
duara jeusi katikati.
Kulungu? Hakuna.
Nimekitia mfukoni.