Turubai la Kibaigwa

Nesi Sechelela hana haya ya kuazima.
Alivisha kondomu vidole viwili, akaniuliza:
"Imefunika nini? Imeacha nini?"

Nikacheka. Mimi, mwanamke wa soko la mahindi,
nifundishwe kufunika?
Turubai juu ya fuso, kamba saba,
fundo la mwisho nalikaza kwa meno.
Mvua haiingii.
Ila vumbi la Agosti hupenya pembeni,
likakaa guniani kama lilialikwa.

"Ndivyo," akasema. "Virusi vya Ukimwi, kisonono,
mpira huvizuia sana.
Malengelenge na masundosundo
hukaa hata pale usipofika."

Njiani nikamkumbuka dumuzi:
mara nyingi hapandi garini.
Alikuwamo kwenye punje
kabla hujashona gunia.

Usiku Madeje akachomoa pakiti, fahari tele,
kama aliyelipa deni.
Nikamwambia: hiyo itunze, tutaihitaji.
Kesho asubuhi foleni ya zahanati ni fupi,
twende tukachomwe bambo,
magunia yote mawili.

Alinyamaza mpaka lori likapita barabarani.
"Mimi sina kitu."
"Hata mimi," nikasema. "Tukaulize."