Lango la Maji

Mwezi wa nne, na bonde halina kioo.
Zamani, majira haya, mbingu ilikuwa ikilala mashambani
vipande vipande, kila jaruba na wingu lake.
Sasa mpunga hupandwa pakavu:
mashine hupita, mbegu hufukiwa kama siri,
maji husubiri miadi hadi mwezi wa sita.

Wao hawakupewa ratiba.
Wamevuka jangwa, wamevuka bahari.
Wenyeji wa huku huwaita Wapanda-farasi;
farasi hawana, wana miguu tu,
myekundu, myembamba, mirefu kupita haja.
Walizunguka juu ya vumbi la Lomellina wakilia kwi, kwi,
kama mtu aliyerudi kwao akakuta kufuli jipya.

Ufunguo ninao mimi.
Miaka ishirini na mitatu nagawa maji ya mfereji:
saa ya Tavazza, saa ya Bergonzi, saa ya masista,
na katika daftari la zamu hakuna mstari
ulioandikwa ndege.

Nilimwendea Ersilia Tavazza jikoni.
Jaruba lake la chini, lile la tope zito,
mwenyewe husema halirudishi hata pesa ya dizeli.
Sikuomba vizuri. Nilisema tu, "Wanataka kutaga."
Akaendelea kumenya viazi.
"Marehemu alikuwa akiwahesabu kwenye dirisha hili.
Nilikuwa nikimcheka."
Akafuta kisu. "Yaishie kifundoni. Usizidishe."

Nikazungusha gurudumu la chuma.
Maji yakaingia kwa haya, yakinusa njia,
yamebeba majani, kopo, kipande cha mbingu.

Bergonzi alipiga simu mara mbili.
"Maji hayo ya nani?"
"Nimeyakopesha."
"Kwa dhamana gani?"

Mayai manne, rangi ya tope lenye madoa,
juu ya kituta kisichozidi sahani.
Hiyo ndiyo dhamana. Sikumwambia.

Leo kiota ni kitupu.
Kunguru? Au miguu imekwisha kujua njia?
Nimeokota ganda, jepesi kuliko risiti,
nikalitia mfukoni pamoja na ufunguo,
kosa, maana kila hatua linazidi kuvunjika.
Kule kwenye mabua kitu kimekimbia,
kikasimama, kikakimbia tena.

Jioni, chini ya jina la Tavazza,
nimeandika kwa penseli:
watatu. Labda wanne.