Tone Halikuyeyuka

Wiki ya kwanza walicheka karakanani:
"Fundi Kihongosi, dume lako lina mimba!"
Nami nikacheka, penseli sikioni,
maana tumbo kweli lilikuwa limetuna
kama gunia lililofungwa vibaya,
na juu yake mgongo umechongoka,
pingili kwa pingili, ungeuhesabu kwa kidole gumba.

Jina lake Randa.
Alizaliwa kwenye maranda ya msonobari,
na akiamka alitembea akiranda
kati ya miguu ya vitanda visivyo na wenyewe
kana kwamba vyote amevilipia yeye.
Dada yake ni Msasa.
Akulambe mara moja, hutauliza kwa nini.

Nikampa dawa ya minyoo.
Mama Luvanda wa chai akasema, kala panya mwenye sumu.
Jirani wa kwenye misumeno akashusha sauti
akataja mtu.
Nani, nikamwambia, atahangaika kuloga paka?
Lakini usiku, ukungu wa Mafinga umeketi juu ya bati,
homa ya Randa ikipenya blanketi hadi mapajani,
nilimfikiria yule mtu,
nikawafikiria na wote ninaowadai.

Sindano tatu. Homa palepale.
Macho yakawa manjano, rangi ya utomvu.

Dokta Nyaulingo alikuja na buti zenye matope
ya zizi la mtu mwingine.
Kipimo kikubwa kiko mbali, alisema,
hiki kingine ni cha jikoni.
Akaomba glasi.
Akaomba yale maji safi ya kuongezea betri,
na siki, tone moja tu.
Kisha akavuta kwa sindano kutoka tumboni
kitu cha manjano, kizito, kinachovutika
kama gundi ninayopaka kwenye ndimi za mbao.

Akadondosha.
Tulikuwa watatu juu ya glasi, na kijana wangu Lutengano.
Tone likasimama.
Likashuka polepole, na kamkia,
kama kiluwiluwi asiye na haraka,
likafika chini likiwa bado ni tone.

"Lingeyeyuka," alisema, "ningekuwa na maneno mengine."

Si sumu. Si mtu.
Ni kirusi, kinakaa matumboni mwa paka wengi,
wanaachiana chooni, wanaharisha siku mbili, basi,
wanazeeka nacho.
Ila kwa mmoja, mara chache,
kinageuka humohumo ndani,
na askari wa mwili, waliotumwa kukikamata,
ndio wanaokibeba mgongoni
mshipa hadi mshipa,
mpaka mishipa inavuja.
Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema.
"Hiki," akajibu, "kimeingia ndani kuliko nguo."
Na kwa binadamu? Hakiji.

Dawa ipo. Siku themanini na nne,
usiruke hata moja.
Akataja bei.
Nikatazama kabati la milango mitatu pale ukutani,
nikaligawa: kabati moja, siku sita.
Na dawa yenyewe haipo hapa, haipo Iringa,
ije kwenye begi la mtu, kwa mwezi mzima labda.
Na Randa ana siku ngapi?
Dokta akanyoosha vidole vitano,
akavitazama,
akakunja viwili.

Zilikuwa nne.

Nimewapigia watu wa mji huu masanduku
na mkono haukutetemeka.
La Randa sikulipima.
Nilimzika chini ya mpichi ndani ya gunia la maranda,
alikoanzia.

Glasi nimeiosha. Iko kabatini. Hatuinywei.

Na Msasa? Huenda anacho,
kimetulia kama mpangaji mwema,
na huenda akafa mzee, amenona, kwa uvivu.
Sasa nimeelewa,
na kuelewa kumeninyang'anya wa kumlaumu.

Mwezi uliofuata, yule aliyetajwa alikuja kuagiza stuli.
Nikampunguzia bei. Akashangaa, sikueleza.
Siku ya kuikabidhi Msasa akaipanda,
akakaa, akainua mguu, akalilamba tumbo lake,
bapa, jembamba, la kawaida,
na mteja na mimi tukasimama
tukisubiri amalize.