Swali la Nne

Umenipa nne kwa kumi, Daktari Mbeyu,
na pembeni, kwa wino mwekundu: Eleza zaidi.
Swali lilitaka tuseme
tunajuaje nyota zimeundwa na vitu gani
ilhali hakuna aliyefika.
Nami nilijibu mstari mmoja:
Kwa sababu mimi huziosha miguuni kila jioni.

Basi naeleza.

Nafanya kazi Gongoni, kwenye mabwawa ya chumvi.
Kwenye fomu ya chuo niliandika "biashara ndogo".
Maji ya bahari huvutwa kwa pampu, yakafungiwa,
jua likayanywa polepole, wiki baada ya wiki,
hadi chini kukabaki kile lisichoweza kumeza.
Sisi twakwangua. Twapakia. Twahesabiwa kwa toroli.
Chumvi huingia kwenye nyufa za visigino
na kila ufa una kilio chake.
Saa kumi na moja naosha miguu kwa maji ya dumu,
navaa viatu vya kufunika,
naomba lifti ya lori hadi Malindi,
nafika ukifuta ubao wa somo la uhasibu,
mizania ya watu wengine.

Wiki ya kwanza ulisema mwanga wa nyota ya jirani
husafiri miaka minne kutufikia.
Nikajiuliza nauli analipa nani.
Wiki ya saba ulisema galaksi zinatukimbia,
na aliye huko naye atuona sisi ndio tunaokimbia.
Usiku ule nilimpigia dada yangu Nyamvula, yuko Doha.
Hatujakosana. Nafasi tu ndiyo iliyotanuka.

Lakini swali la nne ni la wiki ya tano.

Ulizima taa, ukawasha jiko la spiriti,
ukatoa pakiti ya chumvi, nusu kilo, ya dukani.
Niliijua kabla hujaifungua:
ile nembo ya bluu, ule mshono uliopinda wa mashine.
Pengine ni toroli langu.
Ukarusha chembe. Moto ukageuka njano,
njano ya taa za barabarani za zamani,
nyuso zetu zote zikawa za wagonjwa,
Thoya wa benki akacheka.

Tukachungulia kwa zamu kwenye boksi la viatu
ulilolitoboa, lenye kipande cha sidii ndani.
Rangi nyingine hazikuwepo.
Mstari mmoja wa njano, wima,
kama mlango uliosahauliwa kufungwa vizuri.
Kisha ukabandika picha ya mwanga wa jua,
toka nyekundu hadi zambarau,
na pale pale pa mstari wetu
palikuwa peusi.
"Sodiamu," ukasema. "Imo kwenye hewa ya jua.
Hujikatia rangi yake kabla mwanga haujatoka."

Miaka tisa nimedhani chumvi
ni kile jua lilichoshindwa kumeza.
Kumbe nalo limekwama nayo kooni!

Na si yake. Ulisema ilipikwa
ndani ya nyota kubwa za kale, zilizopasuka,
vumbi lao likawa jua, likawa bahari,
(hapa kengele ililia, ukaanza kukusanya chaki)
likawa Gongoni, hilo nimeongeza mwenyewe,
likawa kisigino changu cha kushoto.
Hakuna aliyeuliza toroli ni shilingi ngapi.
Hata mimi sikuuliza.

Siku ya mtihani nilikuwa sijaosha vizuri.
Lori lilipiga honi, nikakimbia.
Nilipofika swali la nne miguu ilikuwa inawaka,
nikavua kiatu chini ya meza,
nikapapasa ufa kwa kidole gumba,
nikakilamba, msimamizi akanitazama vibaya,
nikaandika nilichokipata.

Kama bado haitoshi, acha ile nne ilivyo.
Lakini njoo Gongoni siku moja, mchana,
na lile boksi lako.
Uvae viatu vya plastiki.