Hesabu ya Katibu wa Ngamiani

Sogeza taa, Zuberi,
funga mlango vizuri,
nina jambo lenye siri,
si la mtu kuambiwa.

Sisi wa baisikeli,
wa cheni na wa pedali,
Ngamiani, jua kali,
chama tumesajiliwa.

Arobaini na moja,
mchango wetu pamoja,
kwa msiba na kwa haja
sanduku hufunguliwa.

Zamani tukichagua
kwa mkono kuinua,
wenye deni walijua
kwamba wanaangaliwa.

Wakasimama wanane,
akapita mwenye nane;
thelathini na wengine
kimya tukatawaliwa.

Mimi, niliye katibu,
nikasema: "Tujaribu
kupanga kwa taratibu
majina tuliyopewa.

Moja ni umtakaye,
mbili, akikosa yeye,
tatu, umkimbiaye
hata soda ukipewa."

Wakakubali haraka,
jua likiwa lawaka;
hakuna aliyetaka
njia kufafanuliwa.

Hemedi, mwenye maduka,
hukopesha ukitaka,
na siku ikishafika
zana zitachukuliwa.

Shebuge, kijana moto,
sauti kama ya mto,
ataka mgomo mzito
ushuru ukidaiwa.

Dada Mwanjaa wa rimu
hasemi kwa kulaumu;
njiti hukaza kwa zamu
hadi duara ni sawa.

Basi usiku wa jana
nilihesabu kwa kina;
kwa nati za kufanana
mafungu nikayagawa.

Hemedi kumi na saba,
fungu refu la kushiba;
kikanuni, si kuiba,
yeye amechaguliwa.

Shebuge kumi na tatu,
na hao nao ni watu,
hawataki katukatu
na Hemedi kuonewa.

Mwanjaa kumi na moja,
fungu dogo, lenye hoja;
nalitazama, nangoja,
nikahisi naambiwa:

"Ishirini na wanne
walimtaka mwingine;
rudi tena, uzione
mbili wapi zimetiwa."

Nikamtoa wa mwisho,
nafuta pajini jasho;
kura tisa, kama posho,
Shebuge akagawiwa.

Kwa ishirini na mbili
Shebuge ndiye wa kweli;
Hemedi, pamwe na mali,
kumi na tisa kapewa.

Ningelala, ikaisha,
ila akili hukesha;
nikaja kupambanisha
wawili wawili, sawa.

Mwanjaa naye Hemedi:
Mwanjaa akamzidi
kwa kura saba; shahidi
kalamu niliyopewa.

Shebuge, kumi na tano
kazidiwa, bila neno.
Aliyetupwa mkono,
na wote ameridhiwa!

Kura zilezile, mwana,
sikufuta hata jina;
kwa njia tatu, bayana,
wote wamechaguliwa.

Basi ameshinda nani?
Funguo i mkononi
mwangu, na ni mtihani:
mimi sikuchaguliwa.

Achaguaye hesabu
ndiye mchagua jibu;
kanuni huwa aibu
mwisho ikiamuliwa.

Nakiri, moyo wapenda
Mwanjaa angalishinda;
hapo ndipo nikaganda,
sawa na kufumaniwa.

Leo, pale kikaoni,
sanduku li mapajani,
nikauliza: "Jamani,
vipi zitahesabiwa?"

Nikachora kwa chokaa
njia tatu, nikakaa;
kutaja nikakataa
nani kwa ipi kapewa.

Kibwana, mziba pancha,
mkasi chini kaacha;
swali lake, kama kucha,
kooni nikakwamiwa:

"Na kura ya hiyo njia,
katibu, nakusikia,
njia ipi twatumia
nayo ikahesabiwa?"

Kikao kikavunjika,
wengine wakinicheka;
Hemedi kakasirika,
kahisi anazuiwa.

Mwanjaa alinijia,
rimu mbovu kashikia:
"Kaza moja, nakwambia,
nyingine itavutiwa.

Hakuna rimu kamili,
ila yenye kuhimili
mashimo, gunia mbili,
na mtu akapakiwa."

Akaenda; nikabaki,
na kura hazifutiki.
Zuberi, mbona hucheki?
Je, umechanganyikiwa?

Andika: "Mbele ya kura,
hatujaziona sura
wala kujua hasara,
njia itaamuliwa."

Na hizi uzifungie,
usiku zijilalie;
kesho nao wasikie
tatu zote, sawasawa.