Mizani ya Mwaloni

Alfajiri ya Ijumaa, Mwaloni Kirumba.
Magunia yameshapanda lori, harufu haijapanda,
imebaki chini nasi, imeng'ang'ania viatu.
Nina elfu ishirini na mbili, watu wanne, siku nne,
na begi ambalo kamba yake moja nimeishona mwenyewe.

"Hawa wa mchangani nusu bei," ananiambia Mama Nyanjige,
halafu, kwa kuwa mdomo wake ni mkweli kuliko biashara yake:
"ila tafuna kwanza."
Natafuna. Krach.
Nikinunua hawa nitabeba ufuo mzima mgongoni.
Nachukua dagaa wa chanjani, robo tatu,
wakavu hata wanaongea wakimiminwa.

Kisha namwomba mizani.
Anacheka, anasogea, ananiachia.
Karanga nazimenya hapo hapo, nimechuchumaa:
maganda hayaliwi, kwa nini yasafiri?
Maharage nayarudisha. Bei yake nzuri,
lakini yanakula kuni saa mbili kabla wewe hujayala.
Unga kilo tatu. Chumvi ya kufumbata.
Mafuta ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi,
nimeiosha mara tatu, bado inanuka kifua.

Maji sibebi.
Ziwa litatembea nasi upande wa kushoto
kutoka Nansio mpaka msitu wa Rubya;
kulowesha ni kazi yake.
Mimi nanunua kilichoyaacha maji yake nyumbani.

Jana nilikuwa Kisesa kwa mama, kuomba matobolwa:
viazi vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani
hadi vikasahau kwamba viliwahi kuwa vizito.
"Mna nyumba," akasema.
"Ndiyo."
"Mna vitanda."
"Ndiyo, mama."
"Na mnapanda meli kwenda kulala chini."
Nikanyamaza.
"Mwaka ule wa njaa tulikula haya miezi mitano.
Usiku nilikuwa navihesabu vipande gizani,
kwa vidole, wadogo zako wasinione.
Hakuna aliyetuambia kwamba yale ni matembezi."
Lakini alijaza mfuko,
akauning'iniza kwenye kidole kimoja
nione ulivyo mwepesi.

Bandarini, Lugata.
Makopo sita, chupa ya tomato,
na kwapani, kama mtoto aliyelala, tikiti maji.
"Lugata, hilo ni ziwa."
"Ni tunda."
"Ni ziwa lenye mbegu, na tunakwenda ziwani."
Hakushuka nalo bei.
Kufika mlima wa kwanza alikuwa analibadilisha mabega,
kufika wa pili analisifia kwa kila tuliyepishana naye,
na chini ya mti tusioujua jina
tukalipasua kwa jiwe, tumesimama,
maji yakitiririka hadi viwikoni.
Lilikuwa tamu, nisiseme uongo.
Hakuna nilichopima mwaloni kilichokuwa tamu vile.

Usiku wa pili, Rubya. Mawe matatu, sufuria moja.
Dagaa wameshakunywa, wamenenepa,
ugali umeiva kabla mbu hawajatuzoea.
Masalu na Nshoma wanabishana habari ya kamba za hema.
Nachukua kipande cha tobolwa, nakimumunya.
Kwanza ni kama kipande cha mkeka,
halafu taratibu, kwenye shavu,
kinakumbuka kwamba ni kiazi.

Miezi mitano.
Nimekishika kipande kingine, chepesi kuliko kiberiti,
na mkono haunyanyuki.

"Vimebaki?" Lugata anauliza kutoka upande wa giza.
"Vipo."
Naingiza mkono mfukoni, nahesabu kwa vidole,
polepole, asisikie.
Kumi na moja.
Watu wanne, siku mbili.

Nampa viwili.